Land Rover ya baba imewaka. Je, itanifikisha Rombo Krismasi?

"Shikamoo fundi. Niko Moshi, Soweto. Marehemu baba aliniachia Land Rover Series III 109 ya petroli iliyolala uani tangu 2009. Nimeitengeneza nyumbani miaka miwili na nusu, mimi na mdogo wangu. Chesisi tumechomelea, injini imefanyiwa ovahoo, bodi tumepiga rangi ile ile ya kijani. Wiki iliyopita imewaka! Vimebaki vitu vidogo vidogo: raba za milango, zulia, vioo vya pembeni, nembo. Breki inashika ukikanyaga mara ya pili, indiketa zinawaka kwa unyonge, na asubuhi nakuta tone la oili chini ya giaboksi. Nataka Krismasi twende nayo Mkuu, Rombo, mama akaione. Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Pole kwa kuondokewa na mzee, na hongera kwa kazi. Nyua nyingi za Moshi na Arusha zina gari ambalo mtu alilifungua akiwa na hamu, likabaki juu ya matofali pamoja na ndoo tatu za bolti ambazo hakuna anayekumbuka zilitoka wapi. La kwako limewaka.

Nijibu la mwisho kwanza. Rombo mtafika, tena kwa gari hilo hilo. Tupo mwanzoni mwa Oktoba, muda unatosha. Ila Rombo isiwe safari yake ya kwanza, wala ya nne. Na namna ulivyoandika imenitia wasiwasi kidogo: raba, zulia na nembo umeziita kazi zilizobaki, halafu breki umeitaja kama mtu anayesema leo kuna mawingu. Kwangu mimi zulia lingekaa kwenye mfuko wake mpaka Desemba. Tena lina sababu nyingine ya kusubiri. Sakafu ya mbele ya Series ni mabamba yanayofunguka, na giaboksi iko chini yake. Kwa sasa yafunge kwa skrubu nne tu. Utayafungua tena. Sijawahi kumaliza Land Rover ambayo sikuifungua sakafu angalau mara mbili ndani ya mwezi wa kwanza.

Tuingie kwenye breki, na hapa nitakaa sana.

Gari likiwa limesimama, injini imezimwa, kanyaga pedali mara moja na usikilize mguu wako. Achia, kanyaga tena haraka. Ikiwa mara ya pili imepanda juu na ni ngumu kama jiwe, viatu vya breki (vipande vinavyobana) viko mbali na dramu (ngoma inayozunguka na gurudumu). Mkanyago wa kwanza unatumika kuvisogeza, wa pili ndio unaobana. Ikiwa imepanda lakini inanesa kama unakanyaga mpira, kuna upepo ndani ya mabomba. Na ikiwa imepanda, ukashikilia mguu, nayo ikazama polepole mpaka chini, basi mafuta yanapita mahali: ama raba za ndani ya masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) zimechoka, ama kuna kiungo kinavuja. Usibahatishe ni lipi kati ya hayo matatu, maana dawa zake hazifanani.

Kwa maelezo yako nadhani ni la kwanza, labda na la pili kidogo. Pandisha gurudumu moja kwa jeki, weka stendi chini ya ekseli, lizungushe kwa mkono. Nyuma ya bamba la breki kuna kichwa cha bolti ya kurekebishia. Ukikizungusha, kipande cha chuma chenye umbo la konokono kinasukuma kiatu kuelekea dramu. Kaza mpaka gurudumu ligome kabisa. Halafu legeza kidogo kidogo mpaka lizunguke huku unasikia mkwaruzo mwepesi, kama mtu anayefagia chumba cha pili. Sasa kanyaga pedali kwa nguvu mara mbili ili viatu vikae sawasawa, rudi uzungushe tena. Mara nyingi utakuta pamelegea, unarekebisha upya. Magurudumu ya mbele ya 109 yana marekebisho mawili kila moja. Watu husahau la pili, kisha wanashangaa gari linavuta upande mmoja.

Kama itabidi utoe upepo, 109 ina tabia mbaya ya kuficha hewa kwenye silinda za mbele. Unaweza kumaliza chupa mbili za mafuta ya breki na pedali ikabaki laini. Ujanja wake ni huu: kabla ya kuanza, legeza marekebisho yote ya viatu mpaka mwisho. Hapo springi za viatu zinakuwa zimesukuma pistoni ndani, nafasi ndani ya silinda inakuwa ndogo, na hewa haina pa kujificha. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda; kwa usukani wetu wa kulia ni la nyuma kushoto. Mdogo wako akanyage, wewe ufungue na kufunga, na mtu wa tatu, hata mtoto, aangalie kopo lisikauke. Ukimaliza ndipo urekebishe viatu upya. Mafuta yawe ya chupa iliyofunguliwa siku hiyo hiyo, maana yanafyonza unyevu wa hewa, na chupa iliyokaa wazi kabatini tangu mwaka jana ni ya kumwaga. Weka ndoo ya maji na kitambaa karibu. Mafuta ya breki yakidondokea rangi mpya na kuachwa, rangi inababuka, na hiyo kijani nadhani hutaki kuipiga tena.

Viatu vipya havishiki vizuri siku ya kwanza hata vikirekebishwa na malaika. Vinahitaji kusagika kidogo vifanane na mviringo wa dramu. Kwa hiyo kilomita 100 au 200 za mwanzo, acha nafasi kubwa mbele yako, na rekebisha tena baada ya hapo.

Indiketa. Hapa sina shaka kubwa: mmepiga rangi kila mahali, na rangi haipitishi umeme. Kila taa ya gari hili inarudisha umeme wake betri kupitia chuma cha bodi na chesisi. Mlipopaka rangi vizuri, kwa uaminifu, mpaka kwenye matundu ya skrubu, mmeziba barabara ya kurudia. Jaribu hivi: chukua waya mrefu, upande mmoja funga kwenye negativu ya betri, upande wa pili gusa kikombe cha chuma cha taa ya indiketa huku inawaka. Ikichangamka, umepata jibu. Fuata waya mweusi wa kila taa mpaka unapofungwa kwenye chuma, kwangua rangi eneo la ukubwa wa sarafu ya 200 mpaka ing'ae, funga kwa nguvu, kisha paka grisi juu ili kutu isianze.

Na ukiwa hapo chini, angalia mkanda wa ethi unaounganisha injini na chesisi. Injini imekalia raba, kwa hiyo bila mkanda huo haina njia yake ya umeme. Nilijifunza hilo nikiwa bado kijana wa gereji. Tulimaliza Series IIA ya mteja, inang'aa. Nikapewa heshima ya kupiga stata. Ikazunguka kivivu, nikasikia harufu ya plastiki, nikainama: waya wa choki ulikuwa unafuka moshi, ganda lake limelainika na kuning'inia kama mshumaa uliowekwa juani. Mkanda wa ethi ulikuwa bado umelala kwenye benchi, umeoshwa vizuri na petroli. Stata inavuta umeme mwingi kuliko kitu kingine chochote kwenye gari, na ulipokosa njia nene ulipita kwenye kile kiwaya cha choki. Bosi hakusema kitu. Alichukua mkanda benchini akanikabidhi mkononi, akaenda kunywa chai.

Tone la oili. Watasema Land Rover isiyovuja oili imeishiwa oili, na wewe utacheka kwa adabu. Lakini usiuchukue utani huo kama jibu. Fungua katoni kubwa, itandaze chini ya gari usiku, chora kwa kalamu mahali magurudumu yalipo. Asubuhi soma matone kama ramani. Oili ya giaboksi na difu (gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti. Ya injini mpya ni nyepesi zaidi, rangi ya asali. Mafuta ya breki yanateleza sana vidoleni na hayana rangi ya oili. Petroli haiachi doa la maana, inaacha harufu tu, na harufu hiyo ukiisikia usiwashe gari mpaka ujue imetoka wapi.

Tone likiwa chini ya giaboksi yenyewe na ni moja kwa usiku, liandike kwenye daftari, uendelee. Likiwa nyuma ya transfa (giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma), pale propela, yaani shafti ndefu ya kwenda ekseli ya nyuma, inapoanzia, hilo ni la kushughulikia kabla ya kutoka. Breki ya mkono ya gari hili haiko kwenye magurudumu, ni dramu iliyopo pale pale nyuma ya transfa, inayoshika propela. Sili ya pale ikivuja, oili inaingia ndani ya dramu, na breki ya mkono inabaki jina. Nitarudi kwenye breki hiyo, ina sumu nyingine.

Sasa injini. Umesema imefanyiwa ovahoo na imewaka, lakini hukusema imenguruma kwa muda gani. Kuna mtindo kwenye gereji zetu wa kuiacha injini mpya ingurume uani kutwa nzima "ili ilainike". Siukubali. Ringi mpya zinahitaji kusukumwa na presha ya moto ili zikae kwenye kuta za silinda, na presha hiyo inakuja injini inapofanya kazi. Ikinguruma tu bila mzigo, kuta zinang'arishwa badala ya kusagika, na utakuja kulalamika inakula oili. Iwashe, hakikisha presha ya oili ipo, hakikisha hakuna kinachovuja, iache ipate moto mpaka thamostati ifunguke, zima. Ikipoa kabisa, kaza hedi (kichwa cha injini) upya kwa spana ya kupimia nguvu, bolti kubwa za nusu inchi kwa futipaundi 65, ukianzia katikati na kwenda nje. Kisha pima tapeti (nafasi za vali) zote nane, 0.25 mm. Hedi na gasketi mpya vikipata moto mara ya kwanza vinajikandamiza, na bolti zilizokuwa zimekazwa vizuri zinakuwa zimelegea. Anayeruka hatua hii hurudi kununua gasketi nyingine.

Presha ya oili utaionaje? Deshibodi ya Series III ilitoka kiwandani na taa ya oili tu. Taa hukuambia mambo yameharibika, haikuambii yanaelekea kuharibika. Kabla ya nembo, kabla ya vioo vya mapambo, nunua geji ya oili ya bomba au ya waya. Injini ikiwa na moto na gari linatembea kama kilomita 50 kwa saa, sindano ikae kati ya paundi 35 na 65. Ikinguruma bila kukanyagwa itashuka, ni kawaida. Unachotafuta ni mazoea: baada ya wiki mbili uwe unajua sindano hukaa wapi, ili siku ikikaa pengine ushtuke. Oili yenyewe tumia 20W-50 ya kawaida, si ile ya bei mbaya ya sintetiki, na imwage baada ya kilomita 100 au 150 za mwanzo. Ikinge kwenye beseni safi, ipeleke juani, itikise. Vumbi la chuma linalometameta kama unga wa rangi ya msumari ni la kutegemea kwenye injini mpya. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kidole si vya kutegemea.

Nimesema thamostati. Kama fundi yeyote amekushauri uitoe kwa sababu ya joto la Moshi, mwache na ushauri wake. Rejeta safi, pampu nzima, mkanda wa feni uliokazwa na mfuniko wenye presha sahihi vinatosha. Mfuniko ni kitu kidogo kinachodharauliwa. Maji bila presha huchemka mapema kadiri unavyopanda, takriban digrii moja kwa kila mita 300, kwa hiyo kwenye mita 1,500 yanachemka kwenye digrii 95 hivi. Mfuniko mzima wa paundi 9 unarudisha zaidi ya digrii 10. Raba yake ikiwa imekauka na kupasuka, utachemsha ukipanda Marangu na utailaumu injini.

Mambo mawili ya haraka kabla hatujatoka. Tangi lililolala tangu 2009 lina kutu hata kama uliliosha. Kama pampu ya petroli bado ni ile ya asili yenye bakuli la kioo, lifungue kila baada ya safari na utazame uchafu uliotua chini. Siku litakapokuwa safi mara tatu mfululizo, pumzika. Na tairi: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ukikuta 2308, hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2008. Hata kama kashata zake bado ndefu, hazifai. Najua tairi tano mpya zinauma mfukoni. Ziahirishe nembo.

Na karatasi. Kadi ya gari ikiwa bado ina jina la mzee, anza sasa suala la mirathi na kubadilisha umiliki TRA, maana halimalizwi kwa siku moja. Bima uikate kabla gurudumu halijagusa barabara, hata ya kwenda dukani. Gari linalojaribiwa ndilo linalogonga.

Safari zenyewe nazipanga kwa kanuni moja niliyoizoea: usiende mbali kuliko unavyoweza kuvutwa kurudi. Siku ya kwanza ni ndani ya mtaa, gia ya kwanza na ya pili, asubuhi mapema kabla bodaboda hazijaamka. Kata kona kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, mdogo wako atembee pembeni akiangalia kama tairi au bomba la breki linagusa chesisi. Kanyaga breki ukiwa kwenye mwendo wa mtu anayetembea, kisha wa mtu anayekimbia. Rudi nyumbani. Zima, subiri dakika kumi, ingia chini na tochi. Kaza nati za magurudumu. Hizo nazo zinalegea kwenye rangi mpya, kwa sababu rangi iliyo chini ya nati inabanwa na kuhama. Kaza tena baada ya kilomita 10, tena baada ya 50.

Ya pili, wewe una bahati ya kukaa Moshi. Una barabara ya kushuka TPC, tambarare, imenyooka, miwa pande zote. Chukua mtu na gari la pili nyuma yenu, kamba, maji lita 10, kizima moto kiwe kwenye kiti na si chini ya mizigo. Nenda kilomita kumi na urudi. Usizidishe 60. Badilisha mwendo: sukuma mpaka 55, achia mafuta mpaka 35, sukuma tena. Ndivyo ringi zinavyokaa. Kwenye 50 legeza kidogo mikono kwenye usukani bila kuuachia, uone gari linaelekea wapi. Likianza kutikisa usukani kushoto kulia kama mbwa aliyetoka majini, punguza mwendo taratibu bila kupiga breki. Hilo linatokana na mpangilio wa mbele: tai rodi (fimbo za usukani) zilizochoka, au swiveli pini (pini zinazogeuzia magurudumu ya mbele) zilizofungwa bila kukazwa kwa kipimo. Mara moja moja ni balansi ya magurudumu tu.

Mkifika mwisho, kabla ya kufanya chochote, zunguka gari ukigusa kila habu kwa mgongo wa kiganja. Zote nne ziwe na uvuguvugu unaofanana. Moja ikikuunguza, ama kiatu cha breki kinaburuta, ama beringi imekazwa kupita kiasi. Mkono utakuambia hayo kabla ya pua, na pua kabla ya moshi. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote na hakina gharama.

Kwenye vumbi, siyo kwenye lami, jaribu kuendesha kwa magurudumu manne (4x4). Bonyeza kitasa cha njano, tembea mita mia, sikiliza. Kuyaondoa: simama, vuta lever nyekundu kuweka gia nzito, irudishe, kitasa kitaruka juu chenyewe. Hakuna difu ya katikati kwenye gari hili, kwa hiyo ukiyatumia kwenye lami kavu mbele na nyuma vinapigana, na kitasa kitakataa kutoka. Vijana wengi wameshapeleka gari gereji wakidhani transfa imekufa, kumbe ilihitaji kurudi nyuma mita tano tu.

Ukishafanya TPC mara tatu au nne na daftari lako halina jipya, panda. Kibosho inafaa, au Machame. Kupanda kunapima upoozaji wa injini na klachi. Kushuka kunapima breki na giaboksi, na kushuka ndiko ninakokuogopea. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Achia mafuta kabisa, usikilize kama lever ya gia inajirusha nje. Ikifanya hivyo, fungua sakafu, ndiyo maana nilikuambia skrubu nne. Dramu zikikanyagwa mfululizo kwenye mteremko mrefu zinapata moto, zinatanuka mbali na viatu, na pedali inazama ukiwa ndani ya kona. Ukiona inaanza kuwa ndefu, simama mahali tambarare, uzipumzishe nusu saa. Usizimwagie maji.

Huko juu injini itapungua nguvu, usikimbilie kugeuza skrubu za kabureta. Kila mita 1,000 unazopanda hewa inapungua uzito kwa karibu asilimia 10, petroli inabaki ile ile, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito. Fungua plagi ukirudi nyumbani baada ya mwendo mzuri, si baada ya kunguruma foleni. Rangi ya chai ya maziwa ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu, petroli ni nyingi. Nyeupe kama chaki, ni kidogo, na hiyo ndiyo ya kutisha zaidi, kwa sababu inayeyusha pistoni kimya kimya. Itengeneze kwa Moshi, ikubalie Mkuu iwe nzito kidogo. Ikichoka kidogo huko juu, ni sawa, gari hili halikuwahi kuwa la mbio.

Baada ya Kibosho, nenda Himo, halafu Marangu Mtoni, urudi. Ukifika kilomita 800 kwa jumla, mwaga oili tena, badilisha filta, pima tapeti, rekebisha breki, kaza bolti za springi na za propela. Hapo ndipo nitasema gari limekwisha, na hapo ndipo unaweza kufunga raba za milango. Ukizifunga, mwambie mdogo wako amwagie maji ya mpira juu ya kioo na milango, wewe ukae ndani na kitambaa. Maji yataingia miguuni mwa dereva. Kwa kweli sijui Land Rover ya zamani ambayo hayaingii, lakini angalau ujue yanaanzia wapi kabla ya kutandika zulia la watu.

Kuhusu siku ya kwenda: usisubiri tarehe 23 au 24. Unajua Wachaga tunavyorudi nyumbani. Kuanzia Himo ni foleni ya magari kutoka Dar, watu wana haraka, na injini mpya itakaa ikinguruma juani na feni peke yake. Nenda tarehe 18 au 19, katikati ya wiki, asubuhi. Beba mkanda wa feni, pointi, kondensa, plagi mbili, mabomba ya rejeta na spana za inchi. Mtu wa kukuazima spana za milimita njiani utampata, za inchi hutampata.

Nilisema nitarudi kwenye breki ya mkono. Kwa sababu inashika propela, usiivute gari likiwa linatembea, utavunja kitu. Na ukipata pancha ya nyuma kwenye mlima wa Mwika, ukavuta breki ya mkono, ukaweka jeki, gurudumu likanyanyuka: gari linaondoka. Breki imeshika propela, lakini difu inaruhusu gurudumu lililo hewani lizunguke upande mmoja na lililo chini lizunguke upande wa pili. Haijalishi umeivuta kwa nguvu kiasi gani. Nimeona jeki ikilala hivyo kwenye mteremko mdogo ambao hata machungwa yasingeviringika, na mwenye gari akiwa na mguu mmoja chini ya ekseli. Aliuvuta kwa wakati, Mungu alimpenda. Kwa hiyo tengeneza vigingi viwili vya mbao nzito, kata pembe ya kuingia chini ya tairi, piga rangi nyekundu ili usivisahau, viweke nyuma ya kiti cha dereva. Kabla ya jeki, kigingi mbele na kigingi nyuma ya gurudumu linalobaki chini. Weka na magurudumu manne, kitasa cha njano chini, ili mbele nako kusaidie kushika.

Sasa nenda kafanye breki. Ukishazirekebisha, niandikie pedali inasimama sentimita ngapi kutoka sakafuni, na lile tone la asubuhi liko upande gani wa propela. Na nipelekee salamu kwa mama, ila usimwahidi tarehe bado.